Dogo, tamthilia ya Mikindani na softiwea ya kuwekea muziki kwenye picha: kisa kizima

Mlango unafungwa, alafu kimya kidogo, alafu ndo muziki ulitakiwa ugonge. Kwenye sehemu ya kwanza ya ile tamthilia muziki ulikuwa unagonga wakati yule mama bado kashika komeo, yani sekunde moja nzima kabla. Mwongozaji kule Dar akampigia dogo simu akamwambia mdogo wangu muziki wako mzuri ila haukai. Dogo akahangaika nao siku mbili anausogeza mbele anaurudisha nyuma, ukikaa kwenye mlango wa dakika ya kumi na nane unakataa kwenye kofi la dakika ya tatu, ukikaa kwenye kofi unakataa kwenye mlango. Siku ya tatu akaja kwangu Shangani, hapa Mtwara, na laptopu yake kwenye mfuko wa rambo, shikamoo kaka, marahaba, hata maji hajanywa akanambia FL (FL Studio, softiwea anayotengenezea biti) imenishinda, nitafutie softiwea wanayotumia wale wa Hollywood.

Mimi kazi yangu ni kurekodi, kwaya, kaswida, matangazo ya redio, na miaka ya nyuma nilikaa Dar kwenye chumba cha kumalizia sauti za filamu, kwahiyo hii ishu ya muziki na picha naijua kwa kuumia nayo. Huyu dogo ni wa Chikongola, anatengeneza biti za singeli na bongofleva, ana sikio kweli kweli, na kazi ya tamthilia aliipata kwa sababu mwongozaji (dada mmoja mwenye asili ya huku huku) alitaka sauti ya kusini, sio vinanda vya kukodi. Sehemu sita, kila moja dakika 22, imepigwa Mikindani na vipande vichache Msimbati ufukweni. Uhariri unafanyika Dar, miksi ya mwisho Dar, muziki unatengenezwa Mtwara. Hiyo sentensi ya mwisho ishikilieni, ndo iliyoamua kila kitu kilichofuata.

Kabla ya kuongelea softiwea nikamwambia hebu nionyeshe ulivokuwa unafanya. Alikuwa hana picha ndani ya FL kabisa. Video ameifungua kwenye simu, ile iliyotumwa WhatsApp, ameiegemeza kwenye spika, anahesabu moja mbili tatu anabonyeza pleyi kwenye simu na kwenye laptopu kwa pamoja. Maelekezo ya mwongozaji yamekuja kwenye meseji kama namba, dakika 18 sekunde 40 mlango, dakika 3 sekunde 10 kofi, na yeye anazipeleka namba zile zile kwenye saa ya FL. Alafu amepeleka muziki wote kama faili moja refu la dakika 22. Ukimuangalia unasema huyu kafanya kazi ya watu watatu kwa vidole viwili.

Sasa kosa lilikuwa wapi. Nilimuomba mhariri atutumie video upya, ndogo tu, ila taimukodi iwe imechomwa juu ya picha, zile namba za saa, dakika, sekunde na fremu (picha moja moja zinazofanya video) zinazotembea pale chini. Ilipofika tukaona. Kamera ilikuwa imewekwa kwenye mfumo wa Kimarekani, kwahiyo picha inatembea fremu 23.976 kwa sekunde na sio 25 kama tulivozoea huku kwetu. Taimukodi yenyewe inahesabu fremu 24 ndo inasema sekunde moja imepita, lakini fremu 24 kwa mwendo ule zinachukua zaidi ya sekunde, kidogo sana, moja kwa elfu. Kwenye tangazo la sekunde 30 huwezi kuhisi. Kwenye kofi la dakika ya tatu inakuwa kama sehemu ya tano ya sekunde, unahisi kitu hakijakaa ila hujui nini. Lakini mlango wa 18:40 ni sekunde 1120, ukichukua moja ya elfu unapata sekunde 1.12. Ndo ile sekunde moja ya yule mama na komeo lake. Namba za mwongozaji zilikuwa sahihi kwa saa ya mhariri, na saa ya dogo ilikuwa sahihi kwa saa ya ukutani, ila zilikuwa saa mbili tofauti. FL haikuwa na kosa lolote hapo, na nilimwambia hivo hivo, maana alishaanza kuichukia bure.

Ila nikamwambia pia hata hivo tunabadilisha. Hapa watu wengi huwa wananipinga, ngoja nieleze.

FL Studio ilianza kama FruityLoops mwaka 1997, na akili yake mpaka leo ni ya biti: unatengeneza patani, unaipanga kwenye pleylisti, unazungusha. Kwa singeli sijui kama kuna kitu kinaikaribia. Na ukishainunua unapewa matoleo mapya maisha yako yote bila kulipa tena, jambo ambalo kampuni nyingi hazifanyi. Video unaweza kuiingiza kwa plagini (programu ndogo inayofunguka ndani ya nyingine). Ila muziki wa filamu sio biti yenye picha pembeni. Kwenye biti baa (fungu la mapigo manne) ndo bosi, kila kitu kinaifuata. Kwenye filamu bosi ni fremu, na baa zako zinatakiwa zijikunje zimfuate bosi, na bosi mwenyewe anabadilika kila siku maana mhariri hajamaliza kukata. Kwahiyo swali nililokuwa namuuliza dogo sio ipi inatoa sauti nzuri, zote zinatoa sauti ile ile. Swali ni hili: mhariri akikata sekunde nne katikati ya kipande chako saa tano usiku, itakuchukua mda gani mpaka kila kitu kikae tena? Mimi softiwea ya filamu nazipima kwa hilo kwanza.

Tukaanza kuzipitia. Logic Pro ni nzuri, bei yake ya dola 199.99 ni ya haki, ina dirisha la filamu na ina uwezo wa kuzitambua sini zinapokatika. Ila ni ya Mac tu, Apple waliinunua Emagic mwaka 2002 na toleo la Windows likaishia hapo. Dogo ana laptopu ya Windows, RAM 8, diski ya kuzunguka ile ya zamani. Ikatoka. Pro Tools ndo aliyonayo yule wa miksi ya mwisho kule Dar, na hapa kuna mtego, watu wanasema basi nunua anayotumia mwenzako mambo yaende laini. Lakini mwenye miksi hafungui projekti yako, yeye anataka mafaili ya WAV (sauti isiyobanwa) yaliyokatwa vizuri, na WAV ni WAV hata ukiitoa wapi. Digital Performer inapendwa sana na watunzi wa filamu Marekani kwa sababu ina namna ya kukutafutia tempo (kasi ya mapigo) itakayogonga matukio yako yote, ila huku sijui mtu hata mmoja anayeitumia, ukikwama usiku unamuuliza nani.

Cubase ndo ilinipa taabu kuiacha. Ipo tangu 1989, Hans Zimmer anaitumia, na toleo la Pro lina kitu kinaitwa Time Warp, unashika mstari wa baa kwa mausi unauvuta mpaka kwenye fremu ya tukio na tempo inajihesabu yenyewe. Tangu toleo la 12 la mwaka 2022 hauhitaji tena kile kidude cha USB cha leseni. Kama kungekuwa na bajeti ningemwambia chukua hii lala usingizi. Lakini Pro inakimbilia euro 579, zaidi ya milioni moja na nusu, na malipo ya dogo kwa sehemu zote sita hayakuwa yanafika milioni mbili. Huwezi kumwambia mtu anunue jembe kwa bei ya shamba. Zile ndogo za Cubase zina bei nafuu ila baadhi ya mambo ya picha yamebakizwa kwenye Pro.

Ikabaki REAPER. Dola 60 kwa mtu ambaye mapato yake ya biashara kwa mwaka hayazidi dola 20,000, na unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa nzima haijakatwa mguu. Kuidaundilodi ni megabaiti chache kuliko video moja ya harusi. Imetengenezwa na Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp. Na leseni ni faili dogo unaloliingiza mara moja, hata bila intaneti, basi, hakuna kuulizwa tena. Hilo la mwisho wakati ule niliona ni jambo dogo tu la faraja, sikujua mwezi wa tano unakuja na nini.

Dogo hakufurahi. Alifungua akaona kijivu kitupu, hakuna vinanda hakuna ngoma, akanambia kaka hii kama ofisi ya kijiji. Ni kweli, REAPER haiji na sauti. Tukaziba pengo: BBC Symphony Orchestra toleo la Discover la kampuni ya Spitfire wakati ule lilikuwa bure ukijaza fomu na kusubiri wiki mbili, lina megabaiti kama 200 tu na okestra nzima imo humo, alafu zile LABS zao, sauti za vyombo kimoja kimoja, nazo zilikuwa bure. Alikuwa na maktaba nyingine ya vayolini aliyopewa kwenye flashi, kubwa, ila kila ikifunguka inadai kitu, nikamwambia hiyo iache maana umesaini mkataba kwamba kila sauti ni halali yako kuitumia. Na biti zake? Hapa ndo uso wake ulibadilika: FL inaweza kufunguka ndani ya REAPER kama plagini. REAPER inashika picha, taimukodi na tempo, FL inakaa ndani inapiga ngoma na kufuata tempo ya mwenyeji wake, na chaneli zake unaweza kuzitoa kwenye treki tofauti. Hakuacha mkono wake wa kulia, alihamisha nyumba tu.

Mambo tuliyoyaweka kwenye projekti siku ya kwanza kabla ya noti yoyote: fremu 23.976, sampuli za sauti 48,000 kwa sekunde kwa sababu picha inaenda na 48 na sio 44.1 ya muziki, na projekti ianze 01:00:00:00 sawa na taimulaini ya mhariri. Alafu tukalinganisha namba iliyochomwa kwenye picha na namba ya REAPER mwanzoni, katikati, na mwisho kabisa wa dakika 22. Zikafanana zote tatu. Dogo akafungua mlango wa 18:40, akaweka pigo moja la ngoma juu ya fremu mlango unapogota, akapleyi. Aliirudia kama mara kumi hivi, sikumkatisha. (Kwenye Windows REAPER inaweza kuhitaji VLC au FFmpeg iwepo ili ifungue mp4, bila hivo unaona dirisha jeusi unadhani umeibiwa. Na mwombe mhariri video ya 720 iliyobanwa fremu moja moja, faili linakuwa kubwa zaidi lakini laptopu haihemi unaporudisha nyuma.)

Sasa marimba. Mwongozaji alitaka marimba ya mkono ya mzee mmoja anayetoka upande wa Newala, wale wazee ambao wakianza kupiga watu wanaacha kuongea. Tulimrekodi nyumbani kwake, kuku wamefungiwa, majirani wameombwa. Tulivorudi dogo akaweka vayolini juu yake ikawa kama watu wawili wanabishana. Marimba ya mzee haijui habari za A ya 440, ile noti ya kutegea vinanda, ameitega kwa sikio lake alivofundishwa, na nafasi kati ya sauti na sauti sio zile za kinanda. Wazo la kwanza la dogo lilikuwa kuinyoosha marimba na plagini ya pichi. Nikakataa kabisa, na hapo nilikuwa mkali kidogo. Ukiinyoosha marimba ya mzee umemfuta mzee, na yeye ndo sababu ya kazi kuja Mtwara. Tukageuza: vayolini ndo zikashushwa senti 30 na kitu (senti mia ni hatua moja ya kinanda) mpaka sauti ya msingi ikakutana na ya marimba, na zile noti ambazo bado ziligombana vayolini zisiziguse kabisa, zishike tu sauti ya chini ndefu, mzee atembee juu yake. Baadaye dogo alikata kila noti ya marimba akaipakia kwenye sampla ndogo (chombo kinachopiga sauti ulizorekodi) inayokuja na REAPER, kila moja na utegaji wake ule ule, ili apate kujazia sehemu ambazo mzee hakupiga. Kwa idhini ya mzee na kwa malipo ya mzee, hilo tuliliandika kwenye karatasi kabla.

Kufikia mwisho wa mwezi wa nne 2024 sehemu ya kwanza na ya pili zimepita, ya tatu iko mezani. Alafu ikaja Hidaya. Kimbunga kiliingia tarehe 4 mwezi wa tano upande wa Mafia, huku kwetu ikawa mvua, na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, Kilwa, mabasi yakasimama. Sisi video kubwa na mafaili mazito tulikuwa tunatumiana kwa hadidiski kwenye basi, unampa kondakta, asubuhi mtu anaipokea Dar. Hiyo njia ikafa. Tukasema basi tutumie intaneti, bando la usiku. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikakatika, EASSy na Seacom kwa pamoja, na wote mnakumbuka ile wiki ilivokuwa, meseji inatoka picha haitoki. Jirani yangu mmoja anayefanya kazi na softiwea ya kulipia kila mwezi, siitaji jina, ilimgomea kufunguka mpaka ijihakikishe mtandaoni na mtandao hakuna. Ile leseni ya faili ya dogo ikawa dhahabu.

Na ndani ya wiki hiyo hiyo mhariri akakata sehemu ya tatu upya. Katoa vipande vinne, mojawapo katikati kabisa ya kipande kikubwa cha muziki, ile sini ya msiba. Video mpya megabaiti mia sita, haitumiki, barabara haipitiki, na chaneli inasubiri.

Hapa ndo nataka watunzi wenzangu wa mikoani wasome polepole. Nilimpigia mhariri simu nikamwomba hivi: chukua ile video ya zamani nzima aliyonayo dogo, iweke kwenye taimulaini, ikate kama ulivokata sasa, alafu usitoe video, toa EDL. EDL ni orodha ya mikato, maandishi matupu, kila mstari unasema toka taimukodi hii mpaka hii ya video ya zamani sasa inakaa hapa mpaka hapa. Premiere inaitoa na uzito wake ni kilobaiti kadhaa, nyepesi kuliko picha ya profaili. Ilifika kwa WhatsApp ikiwa inasuasua lakini ilifika. Dogo akaifungua kama barua, akaikata video ya zamani ndani ya REAPER mstari kwa mstari, maana REAPER video inaishika kama inavoshika sauti, unachagua eneo, unatoa, na vinavyofuata vyote vinasogea pamoja na alama na tempo. Nusu saa baadaye tulikuwa tunaangalia mkato mpya wa Dar bila megabaiti hata moja ya video kusafiri. Mkato ule ungekuwa na picha mpya ndani yake ingetushinda, hilo nakubali.

Ila kusogea kwa picha sio kusogea kwa muziki. Kipande cha msiba kilikuwa sekunde 48 kwa tempo 80, yani mapigo 64, baa 16 kamili. Mhariri kakata sekunde 4.5 katikati, na kwa tempo 80 hiyo ni mapigo sita, baa moja na nusu. Ukiacha ilivyo unabaki na nusu baa inaning'inia, na mtu aliyekulia kwenye ngoma anaisikia hapo hapo, mguu unakanyaga hewa. Njia rahisi ni kukandamiza baa zote 16 zikae kwenye sekunde 43.5, ila hapo tempo inapanda mpaka 88 na kitu, na msiba wenyewe unaanza kukimbia. Dogo alikaa na karatasi. Akatoa baa moja tu, zikabaki 15, mapigo 60 kwenye sekunde 43.5, tempo ikawa 82.76. Kutoka 80 kwenda 82.76 hakuna mwombolezaji atakayeinuka kuuliza. Marimba iliyorekodiwa ilikuwa imewekwa ifuate tempo kwahiyo ikabanwa asilimia tatu na nusu hivi na haikulalamika. Na baa aliyoitoa aliichagua kwa sikio, ile ambayo mzee alikuwa anarudia alichosema tayari. Hesabu ilitoka kwake mwenyewe, mimi nilikuwa nakunywa chai.

Kutuma kurudi Dar nako kukawa hesabu. Sauti ya stirio ya sampuli 48,000 na biti 24 (hizi ni za ubora wa sauti, sio za ngoma) inakula megabaiti 17 na kidogo kwa dakika. Ukitoa kama alivotoa mwanzo, faili refu la dakika 22, ni kama megabaiti 380, na mwenye miksi anataka makundi matano tofauti, ngoma peke yake, marimba peke yake, vayolini, sauti za watu, na zile ngurumo za chini, ili mazungumzo yakija ashushe ngoma bila kumshusha mzee. Mara tano ni karibu gigabaiti mbili, nyingi ikiwa ni kimya. Muziki wenyewe kwenye ile sehemu ulikuwa dakika tisa. Kwahiyo alitoa vipande tu, kila kimoja na mhuri wa taimukodi ndani ya faili, mwenye miksi anabonyeza kirudi mahali pake na kinatua kwenye fremu yake, akavibana kwa FLAC ambayo haipotezi kitu na inapunguza karibu nusu. Ikapanda usiku kucha kwa vipande vipande, ikikatika anaendelea na kinachofuata. Na marekebisho yote ya baadaye kati yangu na yeye yalikuwa ni kutumiana faili la projekti tu, maana projekti ya REAPER nayo ni maandishi, sauti tayari ziko kwenye laptopu zote mbili.

Umeme sitausema sana, kila mtu anaujua. Kujihifadhi kila dakika mbili, betri nzima, na hadidiski ya pili inayokaa nyumba nyingine.

Kuna mambo ambayo REAPER ilitutesa na sitaki nionekane naipigia debe. Kuandika noti za vayolini zinazobadilisha namna ya kupiga, mara ndefu mara ya kudonoa, Cubase inafanya kwa ramani moja safi, sisi tulitumia treki tatu tatu na laptopu ya RAM 8 ikawa inapumua kwa shida, ikabidi kila kundi likikamilika tuligandishe liwe sauti. Menyu zake ni nyingi mno, dogo alipoteza siku nzima kwa sababu alibonyeza kitufe kimoja cha kusogeza vyote na hakujua amekiacha kimewaka, akikata kitu dakika ya tano vya dakika ya ishirini vinahama. Na ile ya kuvuta baa mpaka kwenye fremu ipo kwa namna yake lakini unaitafuta kwanza, haijakaa mezani inakusubiri.

Sehemu zote sita zilikwisha. Ya sita mwenye miksi alipiga simu akitaka msondo utolewe peke yake kwenye kundi la ngoma kwa sababu ulikuwa unafunika sauti ya mtoto anayenong'ona, na dogo alikuwa njiani kwenye bodaboda. Akasimama kwa mama mmoja pale njia panda anayeuza ming'oko, akafungua laptopu mapajani, akatoa, akarusha kwa simu, akaendelea na safari. Leseni ya dola 60 aliinunua na malipo ya sehemu ya pili. Sasa hivi dada mwongozaji anazungumzia msimu mwingine wenye okestra kubwa zaidi na vipindi vya dakika 45, na dogo ameshaanza kuniuliza habari za Cubase Pro na RAM 32. Nimemwambia kwanza tupate mkataba, alafu tumuulize mhariri kamera safari hii imewekwa fremu ngapi.